Lenzi ya klipu ya simu kwa wanaosaka vidukari: hela yake inafaa ila ina mambo yake

Wakuu, mnaotafuta lenzi ya bei chee ya kupigia picha wadudu wadogo, mi natumia hizi za kubana kwenye simu zinazouzwa elfu 15 Kariakoo, hata boksi lake halina jina la maana, na kazi niliyoinunulia ni vidukari, wale wadudu wadogo wa kufyonza utomvu, wanaokunja majani ya mimea inayojiotea.

Chukua mnavu wa pembezoni mwa shamba, huku Morogoro upo kibao. Majani ya juu yanajikunyata, ukiyafunua taratibu unakuta vidukari weusi wamejazana na sisimizi wanapishana kufuata ule umajimaji mtamu wanaoutoa. Kwa macho ni kama masizi tu. Weka lenzi sasa, unaona vibomba viwili nyuma ya mwili, hapo ubishi umeisha ni kidukari na sio thiripi (wadudu wengine wadogo wembamba, nao wanakunja majani hao), na watoto wakiwa na vidoa vyeupe vya nta mgongoni basi una sababu ya kusema ni kundi la Aphis fabae, yaani vidukari weusi wa jamii moja wanaofanana. Kundi tu lakini! Kama ni fabae mwenyewe au ndugu yake solanella picha haisemi, hiyo ni kazi ya hadubini, kwa hiyo yale maneno ya kwenye boksi eti "maabara mfukoni" achana nayo.

Kero zake sasa. Inabidi usogee karibu mno, upepo ukipita kidogo picha imekwenda, kava la simu lazima utoe, springi imeanza kulegea, na simu za kamera tatu zinajihamishia kamera zenyewe ukisogea, kazime hiyo kwenye mipangilio kwanza.

Halafu msikimbilie lenzi. Piga mmea mzima kwa kamera ya kawaida, piga jani likiwa bado limejikunja, ndio ufunue, maana bila kujua mmea wenyewe hata mtaalamu atabaki anakisia. Mi napandisha iNaturalist, ule mtandao wa kutambua viumbe kwa picha, na tarehe, eneo na jina la mmea. Ukitaka kuhifadhi wachache kwenye spiriti sawa, ila picha kwanza, rangi inapotea humo.

Nyota 4 kwa 5. Kama simu yako ina makro nzuri tayari (kamera ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) usitoe hela.