Altrasaundi ya tezi dume: ya tumboni au ya nyuma?

Ya tumboni haina shida kabisa, unakunywa maji mengi kama saa moja kabla, unabana mkojo, unalala chali unapakwa jeli chini ya kitovu basi. Inaonyesha ukubwa wa tezi (kawaida ni kama mililita 20 hadi 30), alafu unaenda kukojoa wanakupima tena waone mkojo uliobaki kwa kibofu. Kinachotesa ni kubana mkojo tu, na foleni ikiwa ndefu utajua hujui.

Sasa hii ya nyuma ndo wazee wanaikimbia. Unalala ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja kifuani, daktari anaingiza kifaa chembamba kilichovalishwa kondomu na kupakwa jeli kwa njia ya haja kubwa. Aibu ipo, siwadanganyi, ila unahisi kubanwa tu, maumivu si sana na ni dakika chache. Picha inatoka safi zaidi maana tezi iko hapo hapo karibu.

Kama shida ni mkojo kukatakata, ya tumboni mara nyingi inatosha. PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ikiwa juu na wanataka kukata kipande kidogo cha tezi wakakipime, hapo wengi hutumia ya nyuma, na kama unatumia dawa za kuyeyusha damu sema mapema.