Huduma ya kujipima kujithamini: hesabu nzuri, ulinganisho mbovu

Programu hii ya simu, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanawake vijana, imeweka mahali pamoja madodoso mawili yanayoheshimika: kipimo cha kujithamini cha Morris Rosenberg cha mwaka 1965, chenye kauli 10, na kile cha kuridhika na maisha cha Ed Diener na wenzake cha mwaka 1985, chenye kauli 5 tu. Kuyajaza ni kazi ya dakika chache, na hakuna mahali unapodaiwa jina wala namba ya simu, jambo la kupongezwa, kwa kuwa si kila binti angependa majibu kama haya yajulikane.

Kasoro inaanza majibu yanapotoka. Alama zako zinawekwa kwenye mstari unaoanzia wekundu hadi kijani, kisha unaambiwa uko juu au chini ya wastani wa wanawake duniani. Nusu ya kauli za Rosenberg zimeandikwa kwa mtazamo hasi, na utafiti wa David Schmitt na Jüri Allik wa mwaka 2005, uliohusisha mataifa 53, ulionyesha kwamba kauli za namna hiyo hazichukuliwi kwa maana ileile kila mahali. Ichukue kauli ya kutamani kujiheshimu zaidi: aliyelelewa kuona unyenyekevu kuwa ndiyo adabu anaweza kuikubali bila kujidharau hata chembe, na programu ikampunguzia alama.

Linalokera zaidi ni ahadi kwamba ukijithamini, maisha yatakuridhisha. Ed Diener na Marissa Diener, katika utafiti wao wa mwaka 1995 kuhusu wanafunzi wa vyuo katika nchi 31, walikuta uhusiano huo ukiwa na nguvu zaidi katika jamii zinazomtanguliza mtu binafsi. Binti ambaye utulivu wake umefungamana na hali ya wazazi na ndugu zake hapati neno humu. Anaagizwa asimame mbele ya kioo ajisifu.

Hata hivyo sijaifuta. Ukurasa wa kumbukumbu, unaopanga alama zako za mwezi hadi mwezi, una manufaa ya kweli, maana anayelinganishwa hapo ni mtu yuleyule mwenye malezi yaleyale. Naipa nyota 3 kati ya 5, na ningewaomba watengenezaji waondoe ule mstari wa rangi, kisha nafasi yake waipe namba ya mshauri nasaha, ambayo kwa sasa imefichwa chini kabisa ya mipangilio.