Chupa ile ile, matokeo tofauti: maoni yangu kuhusu losheni ya permethrini na mfamasia aliyenielekeza

Losheni ya permethrini ya asilimia 1 ilishindwa kuwamaliza chawa wa watoto wangu, halafu baadaye ikawamaliza. Dawa ni ile ile ya kampuni ile ile, vichwa ni vile vile. Kilichobadilika ni mtu aliyeniuzia. Kwa hiyo hapa natoa maoni ya dawa, lakini zaidi natoa maoni ya huduma, maana dawa hii ikiuzwa bila maelekezo, aliyeinunua ameondoka dukani na nusu ya tiba.

Duka la kwanza sitalitaja. Nilipoomba dawa ya chawa nilikabidhiwa kisanduku na maneno matatu: "Paka, suuza, basi." Akaitwa anayefuata. Ndani ya kisanduku mna kikaratasi kilichokunjwa na kukunjwa tena, maandishi yake madogo mno, na habari ya kurudia dawa imesukumwa chini kabisa, baada ya safu ndefu ya tahadhari. Tulipaka, tukasuuza kama tulivyoambiwa. Chawa wakapungua, binti yangu akaacha kujikuna usiku. Punde si punde wakajaa tena. Nilipomrudia muuzaji alisema watoto wameambukizwa upya, akanisogezea kisanduku kingine na maneno yale yale matatu.

Duka la pili lina mfamasia ambaye hauzi kabla hajauliza. "Mama, umewaona chawa wenyewe wakitembea, au umeona mayai tu?" Sikuwahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote, na ni swali la msingi. Maganda ya mayai hubaki yameng'ang'ania unywele hata chawa wakiwa wamekwisha, na yale yaliyo mbali na ngozi ya kichwa, zaidi ya milimita 6 hivi, kwa kawaida yameshaanguliwa au yamekufa. Mzazi asiyelijua hilo atammwagia mtoto dawa kila wiki kwa sababu ya maganda matupu. Kwetu chawa hai walikuwepo, nikamwambia hivyo.

Ndipo akaniuliza nywele zilikuwaje wakati wa kupaka. Zioshwe kwanza kwa shampuu isiyo na kondishena, akasema, kwa sababu kondishena huizuia dawa kushika kwenye nywele. Zikaushwe kwa taulo ziwe na unyevu tu, zisiwe zinachuruzika maji. Losheni ifike kwenye ngozi, hasa nyuma ya masikio na kisogoni, ikae dakika 10 kwa saa ya ukutani wala si kwa kukisia, kisha isuuzwe. Na baada ya hapo nywele zisioshwe tena kwa siku moja au mbili.

Halafu akachukua kalamu, akachora mstari mgongoni mwa kisanduku. Mwanzo wa mstari akaandika "leo". Akaniambia permethrini huua chawa wanaotembea, lakini haiyaui mayai yote. Yai huanguliwa baada ya wiki moja hivi, na chawa mchanga akishatoka huhitaji siku nyingine 9 hadi 12 kabla hajaanza kutaga. Akaweka alama kwenye siku ya 9: mayai yaliyosalia yamekwisha kuanguliwa, na waliotoka hawajataga bado. Hapo ndipo dozi ya pili inapoingia. Ikikosekana, wale wachanga wanakua, na jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 8 kwa siku.

Huo mstari wa kalamu ndio ulioitibu nyumba yangu. Sikukariri tarehe, nilielewa sababu yake, na mtu akishaelewa sababu haachi dozi ya pili eti kwa kuwa mtoto amelala vizuri. Kabla sijalipa aliniomba nimweleze mimi yeye, kwa maneno yangu, nitakavyofanya nikifika nyumbani. Nilikosea sehemu ya kondishena, akanirekebisha papo hapo. Ningependa kila muuza dawa afanye hivyo, kwa dawa yoyote ile.

Alinitua mizigo mingine pia. Chawa harukii mtu wala hapai, hutambaa kutoka nywele hadi nywele vichwa vinapogusana. Akianguka kutoka kichwani hufa ndani ya siku 1 au 2, kwa hiyo hakuna haja ya kutupa godoro wala kupuliza sumu chumbani. Inatosha kufua kwa maji ya moto, nyuzi joto 54 au zaidi, mashuka na nguo zilizotumika siku 2 kabla ya kupaka dawa. Visivyofulika vifungwe kwenye mfuko kwa wiki 2. Kila kichwa cha nyumba kikaguliwe siku hiyo hiyo, na wenye chawa hai watibiwe pamoja. Nilipomtajia mafuta ya taa, ambayo shangazi alikuwa ameyasisitiza, uso ulimbadilika: yanashika moto na yanaunguza ngozi, yasiguse kichwa cha mtoto. Akaongeza kwamba chawa hawaji kwa uchafu. Maneno hayo ndiyo yaliyonipa nguvu ya kuwapigia simu kina mama wa watoto wanaocheza na wangu, bila kuona haya.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: mwasho unaweza kuendelea hata chawa wakiwa wamekufa, kwa hiyo kujikuna si sababu ya kupaka tena. Cha kutazama ni chawa wenyewe. Saa 8 hadi 12 baada ya dawa, wakionekana wachache wanaojikokota, endelea kuchana tu. Wakiwa wachangamfu kama jana, huenda ni sugu kwa dawa hii, urudi kwa mfamasia akupe ya aina nyingine. Alinitajia dimetikoni, ambayo humfunika chawa badala ya kushambulia neva zake.

Sasa kasoro. Kitana kilichomo kisandukuni ni cha plastiki, meno yake yanapinda na mayai yanapita katikati. Nilinunua cha chuma kando, na tofauti niliiona kwenye kitambaa cheupe nilichokuwa nikifutia. Kwenye huduma, maelezo yote alinipa kaunta, watu wamepanga foleni nyuma yangu wakisikia habari za vichwa vya wanangu. Hakuna karatasi ya kwenda nayo nyumbani zaidi ya ule mchoro, ilhali bibi yao ndiye anayeshinda nao, naye alipata habari kupitia kwangu. Na mfamasia huyo akiwa hayupo, msaidizi wake anauza bila kusema lolote. Duka limeitegemea roho nzuri ya mtu mmoja.

Dawa naipa nyota 3 kati ya 5, mfamasia 5, kikaratasi cha kisandukuni 1. Mwenye mtoto wa chini ya miezi 2 asinunue losheni hii, amwone mhudumu wa afya kwanza.