bundleForClass ya Apple: kazi inafanya, ila ina vituko vyake

Kama unatengeneza fremuweki za iOS (vifurushi vya kodi vya kutumika ndani ya apu), na picha zinaonekana fresh kwenye projekti yako ya majaribio halafu kwenye apu ya mteja hazipo, rivyu hii ni yako. bundleForClass ni amri ya kuuliza klasi fulani ya kodi imetoka bundle ipi, yaani folda ipi ya kodi na picha zake.

Tangu iOS 8, mwaka 2014, tunaruhusiwa kuweka fremuweki zetu wenyewe ndani ya apu, na kila moja inakuja na folda yake ya picha, nib (mafaili ya mpangilio wa skrini) na mafaili ya lugha. Sasa ukiita UIImage kwa jina tu, iOS inaenda kutafuta kwenye Bundle.main, yaani folda ya apu, inakosa, inakurudishia nil (patupu), kitufe kinabaki kitupu na hakuna anayekwambia kitu. Afadhali nib, yenyewe inakrashi unajua moja kwa moja.

bundleForClass unaipa klasi, nayo apu ikiwa inarun inakwambia klasi hiyo imetoka fremuweki ipi. Hakuna kuandika jina la fremuweki popote, kwa hiyo hata ukija kulibadilisha kodi haivunjiki, na hapo ndo imenikosha. Ukitaka kuhakikisha print bundlePath, utaona njia yote mpaka ndani ya folda ya Frameworks, na jina lenyewe liko kwenye infoDictionary, CFBundleName. Kuna wanaochukua NSStringFromClass (jina la klasi kama maandishi) wakakata kilicho kabla ya nukta, sawa, kwenye Swift unapata jina la moduli, lakini mtu akishaipa klasi jina lake la @objc (la upande wa Objective-C) hiyo nukta huioni tena.

Vituko sasa. Haipokei struct (aina ya Swift isiyo klasi), kwa hiyo ukiwa na view za SwiftUI, ambazo ni struct, inabidi utengeneze klasi tupu ya private kwa kazi hiyo moja tu, kero ndogo. Kubwa zaidi ni watu kuipa type(of: self), yaani klasi yoyote inayorun wakati huo: mteja akirithi klasi yako ndani ya apu yake, unarudishiwa bundle ya apu na picha zako hazionekani tena. Andika jina la klasi yako mwenyewe hapo, basi.

Halafu kuna static linking, na hapa ndo lawama nyingi zinatoka. Kodi ikishaunganishwa ndani ya apu yenyewe, jibu linakuwa Bundle.main, na kusema kweli haijadanganya, maana inaangalia kodi iko wapi, picha haziihusu. Kwenye CocoaPods (zana ya kuingiza maktaba za kodi kwenye apu) bila mstari wa use_frameworks! utakutana na hali hii tu. Dawa yake ni resource_bundles kwenye podspec (faili la maelezo ya maktaba yako), inayoweka picha kwenye .bundle yake, kisha unatafuta hiyo .bundle ndani ya kile ulichorudishiwa, inakubali static na dynamic (fremuweki ikibaki kando) zote. Ukiwa na Swift Package (kifurushi cha mfumo wa Swift wenyewe) achana na bundleForClass kabisa, toka Swift 5.3 mwaka 2020 kuna Bundle.module, inatengenezwa yenyewe ilimradi target (sehemu ya kifurushi) ina resosi, yaani picha na mafaili kama hayo.

Naipa nyota 4 kwa 5. Ya tano nimeinyima kwa sababu ikikosa fremuweki haisemi, inakurudishia main kimyakimya kama vile imepata, na wewe unaanza kukagua majina ya picha moja moja wakati hayana kosa lolote.