Gari la Kimarekani? Soma kwanza namba ya chesi ndo utoe hela

Mwezi wa pili mwaka huu nilikaa mbele ya mama anayetujazia kodi hapa Columbus, Ohio, karatasi za mkopo wa gari mkononi, raha tupu, maana nilishaisikia ile sheria ya Julai 2025 kwamba ukinunua gari jipya kwa mkopo riba unayolipa unaitoa kwenye mapato kabla ya kukatwa kodi, mwisho dola 10,000 kwa mwaka, kuanzia 2025 mpaka 2028, sharti gari liwe limeunganishwa Marekani. Akaingiza namba ya chesi, akanitazama juu ya miwani. "Hili limetoka Mexico." Nikamwambia mama wee, hii ni kampuni ya Kimarekani, yadi nzima ilikuwa na bendera kama siku ya uhuru! Akageuza kompyuta nijionee.

Hela yenyewe si nyingi kihivyo. Riba yangu ya mwaka ule ni dola 1,900, sisi tunakatwa asilimia 12, kwa hiyo nimekosa dola 228. Cheka tu. Kinachoniuma ni kwamba lile gari nililinunua kwa uzalendo, nilikuwa nimeapa uraia mwezi mmoja nyuma, Baba Salma akataka Honda nikamgomea, nikasema sasa sisi ni wa hapa tununue cha hapa. Jina la kampuni silitaji, yadi ndo kabisa.

Basi mwongozo huu hauna habari za ulaji wa mafuta, viti vya ngozi wala ukubwa wa skrini, hayo yameshaandikwa mpaka yamechosha. Mi nina tarakimu moja tu. Simama nje ya gari upande wa dereva, chungulia chini ya kioo cha mbele, utaona namba ya chesi ina herufi na tarakimu 17. Tazama ya kwanza. Ikiwa 1, 4 au 5 gari limeundwa Marekani. 2 ni Canada, 3 ni Mexico, J Japan, K Korea. Siku hizi kuna 7 pia, Tesla za Texas zinaanza na 7SA na nyingine za Honda za Indiana 7FA, kwa hiyo usishtuke ukiiona.

Sasa mtu ataniambia dada, si kuna stika dirishani? Ipo, na ni ya sheria ya mwaka 1992, inaandika asilimia ya vipuri. Lakini isome vizuri. Kwanza Marekani na Canada wamechanganywa kwenye chungu kimoja. Pili ile asilimia ni ya modeli nzima, sio ya hilo gari ulilolisimamia, na kazi ya kuliunganisha haimo kwenye hesabu. Cha gari lako mwenyewe ni ule mstari wa mahali lilipounganishiwa, umeandikwa mji na nchi, na chini yake nchi zilikotoka injini na giaboksi. Na hapa ndo watu wanapigwa, kwa sababu modeli moja inaweza kutoka viwanda viwili vitatu. Chevrolet Silverado kwa mfano, kuna za Fort Wayne, Indiana, na kuna za Silao, Mexico, zote zina nembo ileile na tangazo lilelile la tai na milima, zimesimama bega kwa bega na kijana wa mauzo hajui tofauti. Hajui! Mi nilimuuliza wangu, "Hili limeundwa hapa?" akanijibu "Dada, hii kampuni ina zaidi ya miaka mia." Nikaona jibu zuri. Mjinga mimi.

Haya, tupange.

Namba moja ni Honda Accord, na sifichi, mi Honda nimehamia moyo wote. Accord ilianza kuundwa Marysville mwaka 1982, ndo gari la kwanza la kampuni ya Kijapani kuundwa nchi hii, na hapo Marysville ni mwendo wa saa moja tu kutoka kwangu, kuna majirani zetu wanakula kwa kiwanda hicho. Namba inaanza na 1. CR-V nayo naipenda, ila hapo kuwa macho, kuna za East Liberty hapahapa Ohio zinaanza na 5 na kuna za Ontario, Canada, zinaanza na 2. Ya Canada ni gari zuri tu lakini mama wa kodi atakutazama juu ya miwani.

Ya pili Toyota Camry. Wanaiunda Georgetown, Kentucky, tangu 1988, mwanzo 4. Mwenye watoto wanne na mama mkwe achukue Sienna, inatoka Indiana, mwanzo 5. Mi nilikulia Tanga, kwetu ukisema "Mjapani" umesifia, gari halisumbui. Hapa jirani yangu mstaafu analitamka hilo neno kama mtu aliyeuma ndimu, na simlaumu, huko Michigan miaka ya themanini watu walipoteza kazi mpaka wakawa wanaponda magari ya Kijapani kwa nyundo hadharani, na mpaka leo kuna maegesho ya chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari, UAW, ukiingia na gari la nje unafukuzwa.

Kwa hiyo ya tatu ni kwa heshima ya hao. Ford F-150, inatoka Dearborn, Michigan, au Claycomo, Missouri, na wanaoiunda ni wanachama wa UAW, kitu ambacho Honda wa Marysville hawana. Kama uzalendo kwako ni mfanyakazi na chama chake, basi hii ipande iwe ya kwanza, sitabisha. Ila ni pikapu, unabeba nini? Explorer ya Chicago ina nafuu kwa familia.

Ya nne Jeep Wrangler ya Toledo, Ohio. Gari la vita vya Wamarekani, bendera mpaka kwenye tairi la nyuma, na kampuni mama, Stellantis, imesajiliwa Uholanzi. Sina la kuongeza.

Tesla kwa vipuri vya hapa inawashinda wengi, ila mi nakaa ghorofani, nichajie wapi?

Za bei rahisi: Chevrolet Trax inaanza na K, Ford Maverick inaanza na 3. Tuendelee.

Sasa huyo jirani. Ana pikapu ya brand ambayo babake alikuwa nayo na babu yake pia, kwao hiyo ni kama Simba na Yanga, mtu hahami. Kila nikipita ananitania, lini nitanunua gari la kizalendo kweli. Jumamosi moja nikapita karibu na kioo chake, macho yakanipeleka yenyewe. 3. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Mzee umri wa babangu, bendera iko barazani, nimwambie nini? Nikamsalimia nikaenda zangu.

Ila wa yadi sijawasamehe. Juzi nimerudia karatasi zao mstari kwa mstari, ada ya makaratasi, hewa ya naitrojeni kwenye tairi (hewa!), rangi ya kulinda rangi, halafu chini kabisa dola 299 za kuchora namba ya chesi kwenye vioo eti wezi waogope. Nikatoka nje na tochi kuangalia kama walichora kweli. Wamechora, kila kioo, maandishi madogo safi kabisa, yanaanza na 3.