Wiki tatu na simu ambayo kitufe chake ni kitufe kweli

Simu yangu ilinidondoka nikiwa juu ya bodaboda, Barabara ya 14 hapa Ngamiani, Tanga, na tairi la bajaji iliyokuwa nyuma likamalizia. Fundi aliigeuza mara mbili, akasema kioo chake mpaka kiagizwe Dar, na huko Dar nako wanakisubiri. Wiki tatu, akasema, kama Mungu akipenda. Nikarudi nyumbani nikapekua kabati, nikaitoa iPhone 4 niliyoinunua mtumba mwaka 2013. Haijawahi kusasishwa, imebaki na iOS 6 yake, yaani ule mfumo wa Apple unaoiendesha, kwa sababu miaka ile kupakua faili kubwa kiasi kile kwa bando la simu ilikuwa ni kuchoma hela. Uvivu ule ndio umenipa cha kuandika leo.

Niseme mapema, asije mtu akaenda kuitafuta sokoni kwa ajili yangu: kwa kazi za leo simu hii imekwisha. WhatsApp hakuna. Tovuti nyingi hazifunguki, maana kivinjari chake hakielewani na mifumo mipya ya usalama. Laini yangu ndogo ilibidi niivishe adapta ya plastiki ndipo ikakaa. Kilichobaki ni kupiga na kupokea, meseji, muziki, kamera, na M-Pesa kwa *150*00#. Kwa hiyo sisifii uwezo. Ninachopitia hapa ni sura yake: ule muundo wa kuigiza vitu, ambao wataalamu huuita skiyomofizimu, nikiulinganisha na muundo bapa, ule wa rangi tupu usioigiza kitu, ambao simu zetu zote zimeuvaa kwa miaka zaidi ya kumi sasa.

Mimi nina steshenari. Napiga chapa kadi za harusi, mabango ya misiba, vipeperushi vya tuisheni. Mambo ya kivuli na rangi ndiyo ugali wangu, kwa hiyo nilikaa na simu hii nikaichungulia kama ninavyochungulia kazi ya mshindani.

Fungua muziki. Chini kuna mfereji wa sauti, na juu ya mfereji kuna kirungu cha chuma, cha mviringo, kilichosuguliwa mpaka kinang'aa. Sasa inamishe simu kidogo kushoto, halafu kulia. Ule mng'ao juu ya chuma unahama! Unazunguka kama unavyozunguka mwanga juu ya kifuniko cha sufuria mpya ukikigeuza juani. Simu inajipima imeinama kiasi gani, inasogeza mwanga. Nililigundua hili siku ya tatu, nimekaa dukani umeme umekatika, nikamwita kijana wangu wa kazi aje aone. Akaniuliza, "Sasa inasaidia nini, bosi?" Haisaidii kitu. Lakini kuna mtu alikaa mahali akaifikiria.

Swichi zake ndizo zilizonikuna zaidi. Ikiwa imewashwa, inageuka buluu na imeandikwa ON. Ikizimwa, imeandikwa OFF. Huulizi. Kuifungua simu kuna mtaro kabisa, na ndani ya mtaro kuna kipande chenye mshale, unakisukuma kama komeo la mlango. Vitufe vimevimba katikati na chini vina giza kidogo, na ukikibonyeza kimoja unaona kimezama.

Yote hayo yalifutwa kwa mkupuo mmoja. Scott Forstall, aliyekuwa akisimamia iOS, kuondoka kwake Apple kulitangazwa Oktoba 2012, na sura ya programu ikakabidhiwa kwa Jony Ive, mtu aliyekuwa akibuni maumbo ya mashine zenyewe. Tarehe 10 Juni 2013 wakaonyesha iOS 7, na Septemba ikaingia kwenye simu za watu: nyeupe, herufi nyembamba, ile michoro ya kuigiza mbao na ngozi hakuna, na vitufe vingi vimebaki maneno matupu yenye rangi. Hawakuwa wa kwanza. Microsoft walishatangulia mwaka 2010 na Windows Phone, ile ya vigae vya rangi moja, ambayo wengi wetu tuliijua kupitia Nokia Lumia. Lakini Apple alipogeuka, sokoni wote waligeuka.

Na sababu zao zilikuwa na maana, mimi sizikatai. Mwaka 2007 iPhone ilipotoka, watu wengi hawajawahi kugusa kioo kikawatii. Ilibidi waambiwe kwa macho: hiki ni kitufe, hiki ni kitabu, hapa geuza. Baada ya miaka sita wanajua. Isitoshe vioo vilishakuwa vya kila ukubwa, na mchoro wa mbao uliotengenezwa kwa kioo cha inchi 3.5 ukiuvuta kwa kioo kikubwa unavunjika. Kibapa cha rangi moja unakivuta utakavyo. Hata mimi nembo ya mteja nikiitaka ikae kwenye kadi na kwenye bango la mita tatu, kitu cha kwanza ninachotoa ni mng'ao.

Tatizo ni pale waliposema "watu wanajua". Watu gani?

Mama yangu anakaa Sahare. Simu yake ni ya kisasa, chapa yake naiacha. Alinipigia mwaka jana akiwa anataka kufuta picha.

"Mwanangu, hapa pametokea maneno. Pameandikwa Ghairi, pameandikwa Futa. Nibonyeze wapi?"

"Bonyeza hapo hapo palipoandikwa Futa, mama."

"Hapo si maneno tu?"

Nilinyamaza. Kwa sababu kweli, yalikuwa maneno tu. Mtu aliyezoea redio, jiko la umeme na kikokotoo cha dukani anajua kwamba neno ni maelezo ya kitufe, halijawa kitufe lenyewe. Mchoraji alikiondoa kitufe akaacha maelezo yake, halafu akashangaa mtu haoni pa kubonyeza. Mwezi uliofuata bando lake la wiki likaisha siku moja, maana swichi ya data ni kidonge cha kijivu kinachogeuka kijivu cha namna nyingine, na yeye aliamini amezima. Hakuwa amezima.

Na mama huyo huyo, M-Pesa humwambii kitu. *150*00#, moja, namba ya mtu, kiasi, namba ya siri, kwisha. Hakuna mbao, hakuna rangi, hakuna picha hata moja, ni orodha yenye namba tangu ilipoanza mwaka 2008, na anaipita huku anakuna nazi. Kwa hiyo wanaodai wazee wanahitaji mapambo nao sikubaliani nao. Orodha ile inamwambia wazi nini cha kufanya: bonyeza namba. Basi.

Jambo hili lilinirudisha kwenye iPhone yangu nikiwa na jicho lingine, na hapo ndipo mapenzi yakapungua. Daftari lake ni karatasi ya njano yenye mistari na ukingo wa ngozi ya kahawia. Nani Tanga anaandikia karatasi ya njano? Daftari letu ni jeupe, mstari wa buluu, pambizo jekundu. Sehemu ya michezo imetandikwa kitambaa cha kijani cha meza ya kamari. Mimi meza hiyo sijaikalia, na ningeikalia mama angenitoa nduki. Kwenye iPad walichukua mpaka sura ya saa ya stesheni za reli za Uswisi, Waswisi wakalalamika mwaka 2012, Apple ikabidi ilipie leseni. Yaani vitu vinavyoigizwa ni vitu vya ofisi ya mtu mwingine. Wangetuuliza sisi tungewapa bao lenye kete kwa ajili ya michezo, na msuko wa pochi ya mkeka kwa ajili ya pesa. Hata rafu ya vitabu ya mbao, nzuri kweli kweli, siku ya kumi nilikuwa naiona kama fenicha niliyouziwa bila kuagiza.

Kivuli, lakini, hakina kwao. Kitu kilichoinuka kina giza upande mmoja, California au Chumbageni, na mtoto anayetambaa anajua. Hicho ndicho kilichotupwa pamoja na ngozi na mbao, na ndicho ninachokidai. Google kwa maoni yangu waliliona: muundo wao wa Material wa mwaka 2014 uliachana na mapambo ila ukabakiza karatasi zilizopandana, kila moja na kivuli chake, na kile kitufe cha mviringo kinachoelea pembeni chini. Mama kitufe hicho hajawahi kuniuliza. Apple wenyewe Machi 2014 walirudisha kwa mlango wa uani: iOS 7.1 ilikuja na chaguo la kuvipa vitufe umbo, ila wamelificha ndani ya mipangilio ya ufikivu, ile ya kuwasaidia wenye ulemavu, kana kwamba kutaka kuona kitufe ni ulemavu.

Kisha Septemba 2025 iOS 26 ikaja na sura ya kuigiza kioo. Vitufe vinapinda mwanga, nyuma yake unaona picha zinapita. Nimeishika kwenye simu ya mteja aliyekuja kuchapa kadi. Inapendeza, na juu ya picha yenye mambo mengi maandishi yanakimbia jicho. Nilicheka kidogo: miaka kumi na mbili baada ya kuichana ngozi, wanaigiza tena. Mteja mwenyewe alikuwa ameniletea oda ya kadi 200, akataka majina ya maharusi yawe ya dhahabu, "yatune tune, yawe na kivuli". Wateja wangu hawakuwahi kuhamia kwenye bapa hata siku moja.

Nikipewa nyota tano za kugawa: iOS 6 naipa tatu na nusu, nne kwa swichi zake peke yake, nusu nimekata kwa ile kamari. Muundo bapa wa mwaka 2013, mbili. Bapa lenye vivuli, nne.

Simu yangu imerudi, wiki nne badala ya tatu. Jumapili nilikwenda Sahare, nikaingia kwenye mipangilio ya simu ya mama, sehemu ya ufikivu, nikawasha maandishi mazito na alama ya kuvizungushia vitufe. Wakati nahangaika na hiyo, yeye ameichukua iPhone mezani, amefungua lile daftari la njano.

"Hii ndiyo karatasi," akasema. "Mbona hii hukunipa?"

Sasa anaandikia majina ya mchezo wao wa kinamama, nani ametoa na nani bado, jina kwa mstari. Laini haina, na hana haja nayo. Shida iliyobaki ni chaji: ni ule waya mpana wa pini 30, na wa kwangu umeanza kuchubuka shingoni. Mwenye nao kabatini, niko Ngamiani, bei tutaelewana.