Jiko la presha la umeme kwenye nyumba ya kupanga: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu anayoiuliza kwanza. Jiko langu ni la lita 6, wati 1,000, nililichukua Kariakoo kwa laki na ishirini baada ya kuvutana sana na muuzaji. Lina zaidi ya mwaka sasa. Nyumbani tuko wanne, tumepanga Tabata, na maharage kwetu hayakosi wiki. Kwa hiyo ninayoyaeleza ni ya mpangaji wa Dar, si ya mtu mwenye nyumba yake na sola juu ya paa.

Kilichonisukuma ni gesi. Umeme huna pa kuhamia, shirika ni TANESCO lile lile uwe Tabata au Tandahimba. Unachoweza kuhama ni kile unachopikia. Nilishahama kampuni za gesi, leo mtungi wa rangi hii, kesho ule, nikifuata nafuu ya elfu moja au mbili, na kila bei ya jumla ilipopanda zote zilipanda pamoja. Mtungi wa kilo 15 ulipoanza kuisogelea elfu sitini dukani kwetu, tukawa tunachemshia maharage na makande kwenye mkaa ili gesi ibaki ya chai na mboga. Mkaa wenyewe siku hizi ule wa elfu moja unaishia njiani, maharage bado yanagonga meno. Watu wakisikia "nishati safi ya kupikia" mtaani kwetu wanawaza mtungi tu. Umeme wanauogopa kwa sababu wanakumbuka yale majiko ya koili yaliyokuwa yanameza uniti huku yamewaka wekundu.

Sasa hesabu ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, maana bila hiyo huwezi kujua kama jiko hili linakufaa. Mita yetu iko daraja la T1, la matumizi ya kawaida, na nilipopiga hesabu hii uniti moja ilikuwa shilingi 292 kabla ya makato. Ongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) 1, inafika kama 356. Ukinunua umeme wa elfu kumi kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi, inatangulia kukatwa 1,500 ya kodi ya jengo (kodi ya mwenye nyumba inayolipwa na mnunuzi wa tokeni, lakini hayo tuyaache), halafu 8,500 iliyobaki inakupa uniti 23 na ushei. Aliye D1, daraja la matumizi madogo, analipa 100 kabla ya makato kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, yaani 122, na elfu kumi ile ile inampa karibu uniti 70. Ila D1 akivuka 75, kila uniti ya ziada inakuwa 350 kabla ya makato, kwa hiyo huyo akinunua jiko hili aangalie matumizi yake yote, friji na pasi zikiwemo. Sisi wa T1 hatuna cha kupoteza hapo, tumeshaumia tayari.

Kikwazo changu cha kweli hakikuwa bei ya umeme. Tunaishi vyumba kadhaa kwenye mita moja, tunachanga sawa kwa sawa, na sheria ya kwanza ya nyumba ni "hakuna kupikia umeme". Mama mwenye nyumba aliliona boksi likishuka kwenye bodaboda. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, hilo dude litatumaliza sisi wote humu." Sikubishana. Nilimwomba tulipime pamoja jioni, siku ambayo wapangaji wengine wawili walikuwa bado hawajarudi kutoka kazini. Tulizima kila kitu, hata friji lake. Nikaweka nusu kilo ya maharage niliyoyaloweka tangu asubuhi, maji yakayafunika, nikafunga mfuniko. Tukasoma mita: 14.6. Yeye akakaa kwenye kigoda mlangoni, akawa anaingia kila baada ya muda kuangalia, akikuta namba haisogei ananitazama kama nimemfanyia kiini macho. Mvuke ulipotoka na kifuniko kufunguka, mita ilisoma 14.2. Uniti 0.4, yaani shilingi mia na arobaini na kitu. Aliyabonyeza maharage kwa vidole viwili, akakubali yameiva.

Hakuniruhusu bure lakini. Tulikubaliana niongeze elfu tatu juu ya mchango wangu wa kila mwezi, na naona ni haki, kwa sababu sasa napika kwa umeme karibu kila siku na wenzangu hawapiki. Kwenye nyumba yenye mita ndogo kila chumba maneno haya yasingekuwepo. Kama unapanga na mnachangia LUKU, zungumza kwanza ndipo ununue.

Siri ya uniti kidogo ni kwamba hizo wati 1,000 hazivutwi muda wote. Zinavutwa mwanzoni, maji yakipanda joto na mvuke ukijikusanya. Presha ikishajaa jiko linajizima, linabaki kulinda joto kwa kuwaka na kuzima, na kwa kuwa limefungwa pande zote joto halina pa kukimbilia. Ndiyo maana faida iko kwenye vitu vigumu: maharage, makande, makongoro, utumbo, nyama ya ng'ombe mzee, supu. Ndizi nyama zinatoka vizuri sana, ila punguza maji, maana hayakauki kama kwenye sufuria ya kawaida. Wali unatoka mzuri lakini ukoko ni mwembamba, na kwangu wali bila ukoko ni nusu wali. Ugali, chapati, maandazi na dagaa wa kukaanga usisumbuke, hayo ni ya gesi. Mtungi sikuuza. Ule wa kilo 15 uliokuwa ukituishia kwenye mwezi na kitu sasa unakaribia miezi mitatu, na mkaa nanunua tukiwa na nyama ya kuchoma tu.

Umeme ukikatika katikati ya mapishi mara nyingi si hasara kubwa. Presha ikiwa imeshajaa, chakula kinaendelea kuiva chenyewe kwa muda kama hujafungua. Ukikatika kabla presha haijajaa, hamishia kwenye gesi. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 nisingethubutu kulinunua. Tangu mitambo ya umeme ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kuwashwa 2024 hali yetu ni afadhali, ingawa transfoma ya mtaa ina mambo yake.

Mabaya yake sasa. Mpira wa mfuniko unanyonya harufu. Ukipika pilau leo, uji wa kesho utanukia bizari nyembamba, na kuosha kwa limau kunapunguza tu. Ngozi nyeusi ya sufuria ya ndani ilianza kubanduka baada ya mdogo wangu kuikwangua na kijiko cha chuma, tumia mwiko. Vitufe vimeandikwa Kichina, nimebandika vikaratasi. Plagi iliwahi kuunguza ekstensheni ya bei poa mpaka ikanuka chumba kizima, tangu hapo nachomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Na yule muuzaji aliyeniandikia garantii ya mwaka kwenye risiti, nilipomrudia kwa kile kitufe cha mvuke kilichokuwa kinavujisha, akanielekeza kwa fundi. Fundi alitoa punje ya mchele iliyokwama ndani, akachukua elfu tatu.

Jiko hili nalipatia nyota nne kati ya tano. Ukienda Kariakoo, usilipe kabla hawajakuchomekea ukaliona likiwaka, na waulize kama mpira na sufuria ya ndani ya modeli hiyo vinauzwa peke yake. Wasipokuwa navyo dukani, nenda duka la pili.